Ngeli za Ukuta

Mji Mkongwe wa Unguja umepimwa kila upande. Milango yake ya kuchonga imehesabiwa, vichochoro vyake vimetiwa kwenye ramani ambazo bado hazimzuii mtu kupotea, na boriti zake za mikoko zimegongwagongwa na wahandisi wanaotaka kujua ipi imeliwa na mchwa na ipi bado. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa 1985. Mwaka 2000 UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo sidhani kama kuna jiwe ambalo halijapigwa picha. Lakini katika pirikapirika yote hiyo sijakutana na mtaalamu aliyesimama mbele ya ukuta akausoma. Kuusoma hasa, kama mtu anavyosoma barua.

Maana kuta zimeandikwa, na zimeandikwa mno. Kwa mkaa, kwa chaki, kwa msumari, kwa maka peni, kwa rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka dirisha, na siku hizi kwa rangi ya kupuliza. Vijana wa Nairobi huiita kazi hii grafiti, na wana haki ya kuiita hivyo, kwa sababu matatu zao huchorwa na mafundi wanaolipwa. Sisi tunasema kuchorachora. Na kitenzi hakikurudufiwa bure. Anayelia ana msiba. Anayelialia ana tabia. Anayechora ni msanii. Anayechorachora ni mtoto wa mtu fulani, na huyo mtu fulani ataambiwa leo hii baada ya sala ya alasiri. Lugha imekwisha kuhukumu kabla mtuhumiwa hajafuta mikono. Tena hukumu yenyewe inachagua watu. Mwaka 2018, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipoagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na bluu, hakuna aliyesema kwamba serikali inachorachora. Kumbe ukiwa na ndoo za kutosha na barua yenye mhuri, wewe unapaka.

Nimekula chaki ya sarufi miaka mingi. Kwa hiyo nilipoingia vichochoroni na daftari, sikwenda na spishi kama wanavyokwenda watu wa mimea na wadudu. Nilikwenda na ngeli. Ngeli ni uainishaji ambao bibi zetu waliumaliza zamani bila ruzuku ya mfadhili, na haujawahi kushindwa kukipangia kitu chochote duniani pahala pake. Nilitaka kujua kama utaweza na ukuta.

Nianze na PA, KU na MU, kwa sababu andiko la ukutani, kabla ya yote, ni habari ya mahali. Mwanafunzi wa darasa la tano anajua kwamba PA ni mahali mahsusi panapoonekana, KU ni upande usio dhahiri, na MU ni ndani. Ukuta unazijua zote tatu na hauzichanganyi, sifa ambayo siwezi kuwapa watangazaji wetu wa redio.

Nguzo ya PA ni USIKOJOE HAPA. Litazame andiko hili kwa utulivu. Mwandishi hakukataza haja. Hakudai adabu ya jumla wala hakutaja afya ya jamii. Amekataza hapa. Hatua tatu mbele, kwa jirani, sheria yake haina nguvu, na michirizi iliyopo kwa jirani inaonyesha kwamba wasomaji wamelifahamu andiko vizuri sana. Pili, andiko hili halizuii jambo, linalithibitisha. Hakuna mtu aliyepata kuandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta ambao haujakojolewa. Atakayelifukua baada ya miaka mia tano atajua bila shaka palipokuwa choo.

Andiko hilo hukua kwa daraja. La kwanza lina TAFADHALI, nalo hudumu wiki. La pili lina MARUFUKU. La tatu lina faini. La nne humwita mkojoaji mbwa. La tano huacha maneno kabisa likachora mkasi ulio wazi, na hapo asiyejua kusoma naye huelewa, pengine kuliko aliyesoma.

Kuna ukuta mmoja karibu na Sokomuhogo ambao nimeutembelea kama watu wengine wanavyotembelea makaburi ya mababu. Mwanzo uliandikwa, kwa rangi nyeusi na mkono wa mtu mwenye hasira iliyopangika: USITUPE TAKA HAPA FAINI 10000. Baada ya muda mtu wa pili, kwa rangi iliyopauka kidogo, akaongeza sifuri moja. Wa tatu akauliza kwa chaki: UNALIPA KWA NANI? Wa nne, kwa mkaa, chini kabisa karibu na sakafu kana kwamba aliandika amechutama, akajibu: KWANGU, akatia na namba ya simu. Namba yenyewe imefutwa tarakimu mbili za mwisho, sijui na mlipaji au na mdaiwa. Na chini ya yote hayo, kila nilipokwenda, palikuwa na taka. Mtaalamu wa utawala bora angeandika tasnifu hapo. Mimi ninasema tu kwamba ile ni baraza: watu wanne wamekaa wakazungumza, ila hawakukaa siku moja.

Utafiti huu una hatari zake, na vijana wanaotaka kuufuata wazijue. Mtafiti wa ndege akisimama kimya mbele ya mti hasumbuliwi na mtu. Mtafiti wa ukuta, mwanamume mtu mzima, akisimama uso kwa ukuta kichochoroni saa mbili usiku, ameinamia daftari alilolishika usawa wa kiuno, hana utetezi. Dirisha la juu lilifunguka. "We baba! Umri wote huo hujui kusoma?" Nikajibu kwamba kusoma ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya. Ndoo sikuiona. Maji niliyapata.

KU ni ngeli ya mishale. Mshale wa Mji Mkongwe una tabia za ngeli yake: unatoa upande, hautoi mahali. Ukitoka Hurumzi kuelekea Kiponda upo mmoja unaoelekeza kwenye gesti iliyokwisha kufungwa, na juu yake upo wa samawati unaoelekeza kinyume. Mtalii akiifuata yote miwili kwa uaminifu hurudi alipoanza, na hapo papasi anamsubiri. Papasi, kwa msomaji wa bara, ni kijana anayemwongoza mgeni ambaye hakuomba kuongozwa; jina amerithi kwa mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Nilimuuliza mmoja wao kama mishale hii haimharibii kazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu," akasema, "unadhani nani kaichora?"

MU ni haba. Mfano bora ni mlango wa Kajificheni wenye maneno HUMU MNA MBWA MKALI. Nimepita pale asubuhi na jioni, mbwa sijamsikia hata kupiga chafya. Paka watatu hulala kizingitini na hawana wasiwasi wowote.

Sasa ngeli ya A-WA, ya majina ya watu. Hapa wataalamu wa miji mingine hutumia nguvu zao zote, maana huko kwao mchoraji ni kijana anayeandika jina lake la kubuni kila kona ili ajulikane na wenziwe. Kwetu jambo limegeuka. Anayeandika jina lake mwenyewe ni mtalii. Anakuja kutoka mbali, anakaa siku nne, hamjui mtu na hakuna amjuaye, kisha anatoa ufunguo mfukoni na kukwaruza kwenye chokaa ya watu M + K 2017 ndani ya moyo uliopinda. Mtoto wa Mji Mkongwe hafanyi upuuzi huo. Jina lako ni ushahidi. Mtoto wetu huandika jina la mwenzake.

Ninajua ninachosema. Nikiwa na miaka tisa nilichukua mkaa jikoni nikaandika kwenye ukuta mweupe wa msikiti wa mtaani, upande wa nyuma, jina la mwenzangu wa dawati, na mbele yake: NI MWIZI WA EMBE. Jina silitaji kwa sababu mpaka leo tunanunuliana kahawa. Nilikuwa na uhakika wa kutokamatwa. Nilikamatwa kabla ya magharibi. Mwalimu wa chuoni alilitazama lile andiko mara moja tu, akasema mtaa mzima hakuna mtoto anayemaliza sentensi kwa nukta isipokuwa mimi. Nilipewa ndoo ya chokaa na ufagio wa makuti, nikapaka ukuta mzima, na mwizi wa embe akaketi barazani kuhakikisha siruki sehemu.

Kwa ukamilifu wa A-WA lazima niwataje kobe wa Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji. Kobe wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na wale wakubwa wameandikwa kwa rangi mgongoni umri wao. Hizi ndizo kuta pekee katika eneo langu la utafiti zinazotembea, zinazokula mchicha, na zinazoweza kumfikia msomaji badala ya kungoja afike. Ninawaweka A-WA bila mjadala.

KI-VI ndiyo ngeli ya vijembe, na hapa msomaji aniruhusu nikae kitako. Kanga, kama ajuavyo kila aliyelelewa na mama, ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina ni yale maneno yaliyoandikwa chini. Mwanamke mwenye neno na jirani yake hapigi kelele. Huvaa jina akapita. Jirani akiona, akasoma, akaelewa, bado hana la kushitaki, kwani kuvaa kanga si kosa. Nionavyo mimi, Mji Mkongwe nao ni kanga. Pindo lake ni bahari upande mmoja na barabara ya Darajani upande wa pili, ambako zamani palikuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Mji ni mji. Na majina yameandikwa kutani, kwa matumizi yaleyale: kumwambia mtu jambo bila ya kumwambia.

Ndiyo maana mtalii haoni kitu. Anaelekeza simu kwenye NIMEKUONA LAKINI SISEMI, anaipenda rangi yake iliyopauka, anaondoka na picha nzuri ya ugomvi wa watu. Asilolijua ni kwamba andiko lina anwani. Liko mkabala na dirisha moja tu.

Siasa nayo iliingia ngeli hii mapema. Vyama vingi viliporejeshwa 1992, kuta na mbao za mabarazani zilianza kujibizana kwa ari ambayo magazeti hayakuwa nayo. Maskani ya Kisonge kule Michenzani yalijulikana kwa ubao wake, wa upande wa chama tawala. Ndani ya Mji Mkongwe, Jaws Corner palijulikana kwa wanywa kahawa wa upinzani na habari zao. Jina la pahala hapo limetoka kwenye filamu ya papa mla watu, na papa mwenyewe amechorwa pale. Pana pia simu kuukuu iliyotundikwa, na maandishi yanayomwahidi mpita njia kwamba kupiga nje ya nchi ni bure. Nimewaona wageni wakiinyanyua. Hicho nacho ni kijembe, ila sijapata uhakika anachomwa nani, mgeni au shirika la simu.

Ngeli ya LI-YA ina jahazi, na jahazi ni mchoro wa kale pwani hii. Katika magofu ya Gede, kusini ya Malindi ya Kenya, ipo nyumba iitwayo Nyumba ya Jahazi, kwa sababu ya chombo kilichochorwa ukutani mwake. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri ya sultani wa karne ya 14, ina vyombo vilivyokwaruzwa kwenye lipu. Songo Mnara vipo pia. Mombasa, ndani ya ngome ya Yesu iliyoanzwa kujengwa 1593, Wareno walichora kwa mkaa na udongo mwekundu meli zao na mambo mengine ya watu wenye muda mwingi na hamu ya kurudi kwao. Waomani waliitwaa ngome 1698. Michoro ikabaki, na leo inatunzwa ndani ya makumbusho.

Hapo ndipo linapotokea swali ambalo nidhamu yetu changa haiwezi kulikwepa: kuchorachora hugeuka urithi baada ya muda gani? Nimejaribu kukokotoa. Mkaa wa Mreno ni urithi. Mkaa wa mtoto wa Malindi ya Unguja, wa juzi, aliyechora boti ya Dar yenye madirisha mengi kuliko abiria na nahodha anayepunga mkono, ni uchafu. Kifaa ni kilekile. Somo ni lilelile, chombo cha majini kimeonwa na mtu aliyebaki nchi kavu. Ukuta ni wa mawe yaleyale ya matumbawe. Tofauti niliyoiona mpaka sasa ni kwamba Mreno hana mama wa kuitwa.

Nakubali ubishi mmoja. Mreno na mtu wa Husuni Kubwa hawakuchora kwa rangi ya mafuta. Na hili linanipeleka U-ZI, ngeli ya ukuta wenyewe, ambako ukuta unaacha kuandikwa na kuanza kuandika.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa katika tanuu. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Mvua ya masika inaingia, jua la kaskazi linaitoa, na ukipakwa chokaa kila baada ya muda unazidi kushikana. Mkaa na chaki haviudhuru kitu: mkono mmoja wa chokaa na neno limezikwa, mkono wa pili na limesahauliwa. Msumari unajeruhi kidogo. Lakini rangi ya mafuta, na zaidi ya hapo lipu ya saruji, ni kama kumfunga mtu pua na mdomo. Maji yakiingia juu darini hayapati pa kutokea, chumvi inavimba ndani, na siku moja kipande kikubwa kama meza kinadondoka usiku. Kwa hiyo katika jedwali langu la madhara, mtoto mwenye mkaa yuko mwisho kabisa, na mwenye nyumba anayejisifu kwa kumaliza ukuta kwa saruji yuko karibu na kilele.

Andiko la ukuta wenyewe ni ufa. Unaanza kona ya dirisha, mwembamba kama unywele, na kila masika unaongeza herufi. Sote tunaijua methali, na sote tumeiacha ikae katika vitabu vya shule. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliandika nyufa zake miaka mingi mbele ya Forodhani, mbele ya kila mtu, kabla sehemu yake kubwa haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Hapo mimi huweka daftari chini.

Limebaki tatizo moja la uainishaji, nalo limenishinda.

Masika iliyopita kipande cha lipu kilianguka kwenye nyumba iliyo mkabala na baraza letu. Chini yake palitokea tabaka la chokaa ya zamani, na juu ya chokaa hiyo, kwa rangi nyekundu iliyofifia, jogoo. Upanga wa kichwani, mkia wa mundu, mguu mmoja umenyanyuliwa. Baraza zima lilihama upande. Mzee mmoja aliyezidi themanini alishika fimbo kwa mikono miwili akasema huyo ni jogoo wa chama cha Hizbu, alama yao ya uchaguzi kabla ya 1964, na kwamba anakumbuka hata usiku wenyewe alipochorwa. Mwenzangu wa dawati, yule wa embe, akasema hapana, pale palikuwa na muuza kuku, na jogoo ni tangazo lake. Wakagawana baraza nusu kwa nusu. Kahawa ilinywewa siku hiyo kuliko msiba.

Mimi walinitaka niamue, kwa kuwa ni mtu wa daftari. Nikawaambia swali la kwanza ni la sarufi. Jogoo aliye hai ni A-WA: jogoo huyu, anawika. Lakini huyu hawiki. Ni rangi juu ya chokaa, mchoro, alama, tangazo. Je, tuseme jogoo huyu au jogoo hili? Mzee wa fimbo alinitazama kwa huruma. Akasema kama ni wa Hizbu, aliwika sana.

Siku ya tatu mwenye nyumba akaleta fundi na mifuko miwili ya saruji. Tulimweleza habari ya chokaa na kupumua. Akasema na yeye anataka kupumua, mpangaji wa juu anamdai. Fundi alianzia miguuni. Hadi adhana ya magharibi ulikuwa umebaki upanga tu, mwekundu juu ya kijivu, kisha nao ukapigwa mwiko.

Asubuhi yake lipu ilikuwa bado mbichi, na mtu alikwisha kupita na msumari. Herufi zilikuwa kubwa, zimenyooka, zimeachiwa nafasi sawasawa: JOGOO ALIKUWA HAPA. Watu walisoma kwa sauti. Nikawaonyesha kwamba mwandishi, awaye yote, ametumia A-WA, na kwamba kwa maoni yangu amelimaliza lile swali la sarufi.

Mwenzangu wa dawati hakunisikiliza. Alikuwa amesogea karibu na ukuta, ameinama, na kidole chake kimegusa kishimo kidogo cha duara kilichokuja baada ya herufi ya mwisho. Kisha akageuka akanitazama mimi.